Sahani ya Kizuka

Mize karudi chuoni, juzuu kifuani,
viatu mkononi, hataki kuvuka kizingiti.
"Shaame kasema kwetu kuna kizuka.
Ati yumo chumba cha uani,
kavaa nyeupe, hatoki, hapaki wanja."

Nikasimama na mwiko wangu.
Kila neno la Shaame lilikuwa kweli.

Nimweleze vipi mtoto wa miaka sita
kuwa neno moja limebeba wawili:
yule anayetisha watu gizani,
na mama yangu, aliyefiwa,
anayehesabu miezi minne na siku kumi
kwa kokwa za tende ndani ya kikombe,
kila magharibi kokwa moja?

Sikumweleza.
"Kesho unatimiza saba," nikasema, "waite wenzako.
Ngoma hapana, redio hapana, nyumba ina eda.
Lakini kula hakukukatazwa.
Tutawapikia vizuka."

Tukaanza na macho.
Shokishoki za mti wa Babu, ule wa nyuma ya choo,
uliozaa mwaka huu kama usiopata habari.
Mize akamenya, akabonyeza zabibu kavu katikati,
na jicho la kwanza likatutazama, kengeza.
"Hili la mwalimu wetu," akasema.
Nikajifanya nageuza makaa.

Mihogo tukaikata vidole, tukaikaanga,
kila ncha ukucha wa lozi
uliogandishwa kwa ukwaju mzito.
Mkono mmoja ukapata vidole sita.
"Zimwi hajasoma hesabu," akanielimisha.
Tambi za sukari zikawa nywele za jini
aliyeamka vibaya.
Kachori zikawa mafuvu, yenye meno ya ubuyu.
Choya ilipochemka na iliki, nyekundu tii,
akachungulia sufuriani:
"Damu ya nani hii?"
"Chagua."
"Ya Shaame!"
Akacheka hadi upawa ukamponyoka.

Mwisho nikapika vibibi,
unga wa mchele na tui, vyembamba kuliko desturi,
kimoja nikakifunika juu ya donge la kashata
kikateremka pande zote kama shuka.
Karafuu mbili, macho.
Mize akanyamaza.
Akakizunguka, mikono nyuma, kama mnunuzi wa mbuzi.

"Huyu ndiye wa chumba cha uani."
Kabla sijafuta mikono
keshachukua sahani, keshakwenda.

Nikamfuata hadi pazia, nikashindwa kupita.
Miezi miwili mtoto huyu
hakutia mguu mle.

"Nani huyu?" nikamsikia mama.
"Wewe."

Yarabi. Hata jogoo wa jirani alikaa kimya.

"Mbona mnene hivi?"
"Ana kashata ndani."
"Na mimi ninayo?"
Mize akafikiri. "Sijui. Sijakuonja."

Ndipo kikatoka kicheko, kikavu, chenye kutu,
kama bawaba ya dirisha lililofungwa tangu msiba,
kikakwama, kikatoka tena.
Nikaliuma pazia.

"Na jicho hili?"
"Shokishoki. Za Babu."
Hapo mama hakusema kitu.
Akalitia mdomoni, akalifyonza taratibu
kama mtu asiyetaka liishe,
akatema kokwa kiganjani, akaitazama,
kisha akaitupa kikombeni, pamoja na za tende.
Nilisikia ilivyolia: tik.
Hesabu ya eda imezidi siku moja.
Mimi sikuitoa.

Alasiri watoto wa Limbani wakajaa barazani,
wamebanana, wanasukumana, hakuna anayethubutu.
Shaame kasimama mbali na sahani,
mkono mmoja tayari kushika kanzu akimbie.

"Kula," Mize akamwambia, jicho kiganjani.
"Kizuka wetu keshaonja.
Kasema zimepungua sukari."